Bingwa wa Risasi Nene

Dolly, bado siamini! Shemeji Garrett, mume wa dada Marlene, na bastola yake mpya!

Tunakula mbavu za kuchoma, yeye anatuhubiria tu: "Risasi ya milimita tisa ni ya kutishia paka! Mwanamume hulinda nyumba kwa ile nene zaidi, iitwayo fotifaivu!"

Mara mlango wa nyuma ukatikiswa. Bingwa akaruka, akaanza kujaza risasi zake nene. Haziingii! Marlene akaitazama bastola: "Garrett, hii ni ya milimita tisa." YA TISA, Dolly!

Marlene akafungua mlango. Kumbe ni mzee Hutchins, jirani yetu aliyepoteza kumbukumbu, anamtafuta marehemu mkewe.

Na bado Garrett anajisifu: "Zingeingia, ningemmaliza!"

Marlene akamkalisha mzee mezani, akamgeukia mumewe: "Irudishe dukani leo, au uondoke nayo."