Zawadi ya Baba Mkwe Imepasuka Tena

Mpendwa mshauri, natangaza kwa masikitiko makubwa kwamba bomba la moshi la gari langu, upande wa kushoto, limeachia tena, nami naomba msaada wako kabla harusi nayo haijaachia. Gari ni la mbio, moshi unatokea ubavuni chini ya mlango, nikiliwasha vikombe vya jirani vinagongana kabatini, na baba mkwe mtarajiwa, ambaye ni fundi wa kuchomelea, alinipa zawadi ya mikono yake: alichomelea mabomba yote mawili kwenye bodi, chuma kwa chuma, akalipiga moja teke na kusema, "Hili litabaki hata mimi nikiondoka." Likapasuka kabla sijatoka mtaani kwao, akacheka, akaongeza chuma, likapasuka pembeni ya pale alipoongeza, akaongeza kingine, sasa gari linainamia upande wa zawadi. Najua bomba linatakiwa kuning'inizwa kwa raba, lakini mkwe nitamwambiaje kwamba zawadi yake ndiyo ugonjwa, na mchumba wangu kaapa nisipomwambia baba yake hapandi gari hilo Jumamosi, atakwenda ukumbini kwa miguu na shela lake, ukumbi wenyewe ule unaotazamana na geti lao, watu wote wamwone. Nifanyeje?

Mkwe Mwoga

Mkwe Mwoga, pole, ila acha kutetemeka, injini inatosha. Injini hiyo imekaa juu ya raba, ukikanyaga mafuta inacheza, na bomba lililoshikana nayo lazima licheze. Likipata moto linarefuka pia. Mmelifunga kwenye bodi halafu mnashangaa linapasuka. Chuma kwa chuma ni kwa gari ambalo hata injini imefungwa bila raba, na hilo halifai kumbebea bibi harusi anayependa meno yake.

Sasa sikiliza. Raba haining'inii hewani. Inataka ndoano za chuma, moja kwenye bomba, nyingine kwenye bodi, na ndoano anachomelea nani? Nenda leo na raba mkononi, vaa nguo za kazi, si hiyo suruali ya kupigia picha, useme: "Baba, bomba linataka kucheza na injini. Nichomelee ndoano." Kisha ingia naye chini ya gari, umshikie taa. Acheni nafasi ya kidole kati ya bomba na bodi. Atabisha kidogo, kesho atakuwa anawafundisha wengine habari ya raba, nawe utanyamaza na kutabasamu.

Mchumba wako yuko sahihi, mshukuru. Ila kutoka geti lao hadi ukumbini ni kuvuka barabara tu.