Yohana Nyuma ya Goli

Ndalambo

Mjukuu wangu Amosi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako hajambo, na ulezi tumeshauingiza ghalani.

Unauliza nilikuwa nacheza namba ngapi, maana wewe wamekutoa mbele wakakupeleka nyuma, uzibe nafasi ya beki aliyeumia, na sasa unataka kuacha mpira.

Mimi sikuwa na namba. Enzi za Mwingereza, wenye mashamba ya kahawa kule Mbozi, kisha wenye maduka wa Tunduma, waliniajiri kwenye timu zao nizibe popote. Siku moja tukicheza na watu wa ng'ambo ya mpaka, kipa wetu Yohana akavunjika kidole. Nikavalishwa jezi yake, bado imelowa jasho. Nikafungwa mabao mawili upesi. Yohana akakataa kupelekwa zahanati. Akasimama nyuma ya goli, mkono kifuani, akiniambia: "Huyu hupiga kushoto. Subiri. Haya, ruka!"

Tulishindwa, lakini la tatu halikuingia.

Kila nafasi niliyoziba, mwenye nafasi ndiye aliyenifundisha, na maumivu yake yakiwa hayajapoa. Namshukuru Mungu kwa watu wale.

Sasa niambie, Amosi: huyo beki umeshakwenda kumwona?

Babu yako