Ule Mkono Nilioinua Siku ya Wafaransa

Ndugu yangu Papa Neema,

Nimetoka zamu na miguu inaniuma, lakini nisipokuandikia leo sitakuandikia tena.

Afrika Kusini wametwaa Kombe la Dunia la raga. Waliwapiga Waingereza kwenye fainali, kwa hiyo hata wewe ungecheka, maana Mwingereza ndiye uliyemchukia kuliko wote. Hapa Kensington watu walikuwa wakipiga honi kutwa nzima. Mama mmoja nisiyemjua alinikumbatia pale kwenye robot, taa za barabarani, mimi na jaketi langu la ulinzi. Nilifurahi, lakini kwa uchovu.

Wafaransa wako waliishia robo fainali. Walikuwa wanaongoza, wanacheza ule mchezo wako wa kupasiana kama wanacheza dansi, mpaka mmoja wao akampiga Mwelshi kiwiko cha uso. Kadi nyekundu. Wakafungwa kwa pointi moja. Pointi moja, Papa Neema! Nikakusikia kabisa: "Ata bapoteze, banapoteza muzuri."

Unakumbuka nilivyokuwa sijui kitu? Mwaka ule wa 2015 nimetoka Tanga juzi tu, sijui lipi nililoona la ajabu zaidi, uwanja mkubwa vile au wanaume wazima wanaorusha mpira nyuma ili waende mbele. Wewe ndiye uliyenifundisha, tukiwa tumesimama tunalinda geti la uwanja kabla watu hawajaanza kuingia. Ukaniambia Afrika Kusini ni katapila, wanasukuma tu. New Zealand ni mashine. Mfaransa peke yake ndiye msanii, kwa sababu hata yeye mwenyewe hajui ataamkaje. Nikakwambia Wafaransa wenyewe hawakujui, wewe mtu wa Bukavu unawashangilia kwa lipi? Ukanijibu, "Na aba ba hapa banakujua weye?" Baadaye ndipo ukaniambia habari za redio ya baba yako, mechi kwa Kifaransa, nyote mmekaa kimya.

Afrika Kusini walipofungwa na Wajapani ulikuja kazini ukaniinamia kama Mjapani, asubuhi nzima. Na New Zealand walipowachanachana Wafaransa, siku mbili hukula na sisi. Yule mwenzetu wa Cape Town, anayeishangilia New Zealand kwa sababu baba yake aliapa hatashangilia timu ya makaburu, alikuwekea chakula chako pembeni, hukukigusa.

Sasa nifike nilipokuwa nakwepa.

Ile Juni ya 2017 Wafaransa walipokuja, mechi ya tatu ikachezwa hapa kwetu. Wewe ulipangwa chini, kando ya uwanja. Mlinzi wa pale anawapa mgongo wachezaji, anatazama watu. Hiyo ndiyo sheria. Miaka yote unawasubiri, na wamekuja kucheza nyuma ya kisogo chako. Mimi nilipangwa juu, kwenye mdomo wa ngazi, naona kila kitu. Tukakubaliana: wakifungwa, nashika kofia. Wakifunga trai, wakiweka mpira chini nyuma ya mstari, nainua mkono wa kulia.

Nilishika kofia mpaka nikachoka. Kila nikishika, nakuona unavyonywea. Kipindi cha pili, Afrika Kusini wametoka tu kufunga tena, nikainua mkono wa kulia.

Hawakuwa wamefunga, ndugu yangu. Niliinua makusudi. Labda nilikuwa nakutania, labda nilikuhurumia. Miaka miwili sasa najiuliza na sijui ni lipi.

Ukageuka. Hukugeuza shingo tu, uligeuka mwili mzima, na mikono juu. Ukawakuta Wafaransa wako wamesimama chini ya milingoti yao, mikono kiunoni, wanasubiri Afrika Kusini wapige mkwaju wa kumalizia trai. Ukabaki unawatazama tu. Kiongozi wa zamu akakuita mara ya kwanza, ya pili, hukusikia. Wiki iliyofuata hukuwa tena mtu wa uwanjani. Wakakupeleka kulinda maegesho ya magari Braamfontein, peke yako, kwenye ule upepo.

Ulikuja kwangu ukaniambia, "Kaka Bakari, macho yangu inazeeka. Niliona mukono yako vibaya. Lakini nilibaona." Ukatabasamu. Mimi nikasema pole. Neno hilo tu.

Mwaka jana moyo wako ukasimama. Daktari alisema ulikuwa mgonjwa siku nyingi, kwa hiyo sisemi maegesho yale ndiyo yaliyokuua. Lakini nilikubeba mpaka kaburini na lile neno moja mdomoni.

Ile robo fainali niliitazama kwako, sebuleni. Mama Neema alichelewa kanisani kwa ajili yako. Mpira ulipokwisha, Wafaransa wamekaa kwenye nyasi, nikamwambia yote. Alinisikiliza akikunja kitambaa chake cha kichwa, anakikunjua, anakikunja. Halafu akasema, "Shemeji, mwaka muzima unamuona, na haukusema?"

Akaendelea:

"Mimi nilimuita mujinga. Mbele ya Neema. Nilimwambia ameacha kazi ya muzuri juu ya bazungu." Akazima televisheni, akafunga kitambaa, akaenda kanisani. Nikabaki nimekaa humo ndani mwenyewe, sijui niondoke au nimsubiri.

Alininyamazia wiki mbili. Baada ya fainali, jioni, akanipigia simu. Nilidhani ananipa hongera za kombe. Akasema, "Neema anajua baba yake alikuwa muzembe. Hiyo mimi ndiye nilimufundisha. Sasa weye utaitoa, si mimi."

Kwa hiyo Jumapili hii naja, wakishatoka kanisani. Unamjua binti yako. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, na ulimi wake ni wembe. Nimejaribu kupanga maneno nikiwa kazini, yanakataa kupangika. Nitamwambia hivi tu: baba yako hakukosea kuona, na hakuwa mzembe. Alimwamini rafiki yake, na rafiki yake akamdanganya.

Lala salama, ndugu yangu. Atanitukana, na ni haki yake. Nakuahidi sitanyanyuka kitini mpaka amalize.

Wako,
Bakari