Gari la Baba Haligusi Tena

Nyumbani kwangu,
Chumba cha kushonea,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Kabla ya neno lolote, pokea salamu za nyumba nzima. Hali yako huko ikoje? Na Wifi, mgongo umemwachia, au bado anashuka kitandani kwa hatua kama bibi harusi? Wanangu wawili nao, bado wanagombea kiti cha dirishani? Waambie shangazi yao anawashonea nguo kwa kukisia vimo vyao, kwa hiyo zikiwabana wasinicheke.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama alishikwa na mafua makali lakini sasa anakula vizuri. Baba naye mwili hauna neno.

Utashangaa kupata barua na simu zipo. Kwenye simu nikianza tu kusema, machozi yananitangulia. Halafu unamjua Baba, anaingia kwangu bila hodi, na masikio yake bado ya ujana. Barua naweza kuifunika kwa kitambaa, akadhani nakata sketi ya mtu.

Kwenye ujumbe wako wa mwisho uliuliza gari linaendeleaje baada ya kunyanyuliwa. Nilikujibu kwa mkato, "Lipo juu." Sasa nikueleze yote.

Unaijua njia ya kuja nyumbani, ila hujaiona tangu ichimbwe mabomba ya maji. Mafundi wa mabomba walifukia mitaro yao kama mtu anayefunika uchafu kwa mkeka. Kila mvua ikinyesha, mawe yanachomoza. Wakazi nao, kwa kuchoshwa na bodaboda, wakajenga matuta yao wenyewe, marefu utadhani makaburi. Ndipo gari la Baba likaanza kugusa. Kwanza bampa, kisha ekzosi, kisha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikapasuka na oili ikamwagika njia nzima mpaka getini.

Sote tulililaumu gari. Na kweli lile gari linadanganya, Kaka. Lina sura ya gari la porini na tumbo la teksi. Kwa nje limevimba, lina mabavu, lakini ukiinama ukachungulia chini, huoni kitu cha kujivunia. Ndiyo maana uliposema lipelekwe likanyanyuliwe, tulikubali wote kwa mara ya kwanza tangu harusi yako.

Tulilipeleka kwa Grisi. Utamkumbuka, yule fundi mwembamba aliyefundishwa udereva na Baba, akafeli mtihani mara mbili kwa kuegesha vibaya. Bado anamwita Baba "Mwalimu" na bado anasimama wima akisemeshwa. Alilipandisha gari juu ya mawe, akatuita tuingie chini tuone wenyewe. Akapima kwa kiganja toka ardhini hadi kwenye chuma kilichoning'inia kuliko vyote. Shibiri moja isiyotimia.

Akatufafanulia, nami nikaelewa kwa sababu ni kama ushonaji, kipimo cha aliyesimama si cha aliyeketi. Ule urefu ulioandikwa kwenye karatasi ya gari, alisema, umepimwa gari likiwa tupu. Watu wakiingia, mizigo ikiingia, springi zinakaa na tumbo linashuka. Halafu urefu peke yake hautoshi. Gari refu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma litakaa juu ya tuta kama mtu juu ya farasi, hata likiwa limenyanyuka. Unaweza kuweka vipande vya chuma juu ya springi na matairi marefu kidogo, ila kwa kiasi. Ukizidisha, vyuma vinavyozungusha magurudumu vinapinda vibaya na kuliwa upesi, na gari linayumba kwenye kona kama mlevi.

Baba alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, anasikiliza huku ametega kichwa. Grisi alipomaliza, alimpa maksi. "Nane juu ya kumi. Umesahau kusema kwamba breki nazo zitachelewa." Tukacheka wote.

Likanyanyuliwa vidole viwili. Baba alifurahi! Alizunguka nalo mtaa mzima bila safari. Mama ndiye aliyepata tabu ya kupanda, inabidi ashike mlango, ajivute, asali kidogo. Akawa anamwambia, "Mwalimu, umeninunulia mlima."

Wiki haikuisha vizuri, likagusa tena. Lile bati la kukinga injini lilirudi limekunjika kama sahani iliyokanyagwa. Baba akaniambia twende kwa Grisi aongeze vidole viwili vingine. Grisi akainama chini, akakaa huko kwa muda, akatoka anafuta mikono.

"Mwalimu, siongezi. Nikiongeza hapa, utapinduka kwenye kona, na mimi sitaki kubeba jeneza lako. Lakini mbona limegonga hivi? Mlipakia nini? Mlikuwa watu wangapi?"

"Nilikuwa peke yangu," Baba akasema.

Grisi akalitazama tena lile bati. Nikaanza kukumbuka moja baada ya jingine. Siku ya bampa alikuwa anatoka kunyoa, peke yake. Siku ya sampu alikuwa anatoka kuninunulia uzi, peke yake. Na siku tulipojazana humo, mimi, Mama, jirani mnene na magunia mawili ya mkaa, tumbo la gari likiwa karibu kulamba vumbi, tulifika salama, hata kokoto haikulia. Kaka, gari tupu ndilo linalokaa juu. Inakuwaje liguse likiwa tupu, lipite likiwa limejaa?

Nilirudi na swali hilo nyumbani. Ila siku ya kliniki ya Mama nilijidai nina safari upande uleule, nikakaa kiti cha nyuma, nikafunga mdomo na kufungua masikio.

Mama, ambaye maisha yake yote akiingia kwenye gari alikuwa analala, safari hii hakunyamaza hata kidogo. "Hapo kwa kinyozi wamechimba tena, watu hawa hawachoki." Baba akapunguza mwendo. "Jua linanipiga, hebu sogea kushoto." Baba akasogea, na upande wa kulia nikaona jiwe linapita. Jua lilikuwa mgongoni kwetu, Kaka. "Ee, huyu naye kaacha ndoo yake barabarani." Baba akaikwepa. Hakumshukuru, na Mama hakungoja kushukuriwa. Walikuwa wamezoeana. Nilikaa kule nyuma nikauma kitambaa changu ili nisitoe sauti.

Jioni nilimfuata Mama jikoni. Nikamuuliza, "Mama, Baba haoni tangu lini?"

Aliendelea kuosha sufuria. "Anaona. Anakuona wewe, anaona taa, anaona watu. Vya chini ndivyo haoni. Tangu mvua za mwaka juzi."

"Na hukutuambia?"

Hapo ndipo akageuka. "Niwaambie ili iweje? Mngekuja wote na makelele, mkamnyang'anya ufunguo, mkarudi makwenu mmetimiza wajibu. Mimi ningebaki hapa na mtu aliyekatwa miguu. Wewe ungelala naye?"

Nilichukua kitambaa, nikaanza kukausha sufuria.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho kwa hila, nikasema mimi ndiye ninayeumwa, anisindikize. Tulipofika nikamwomba naye apimwe, "maadamu tumeshakaa foleni." Alisoma herufi zote ubaoni, mpaka zile ndogo kama chawa, akaniangalia kwa ushindi. Kisha wakamweka kwenye mashine yenye vitaa vinavyowaka huku na huku, abonyeze kitufe kila akiona kimoja. Vya juu alibonyeza vyote. Vya chini viliwaka, vikazimika, vikawaka, na kidole chake kimetulia. Alikuwa anangoja, Kaka. Alikuwa anangoja kwa makini kabisa, kama mwanafunzi hodari, na vitaa vinawaka mbele yake.

Daktari alisema ni presha ya macho. Kilichokufa hakirudi, dawa ya matone itazuia kisiendelee. Akasema kwa upole kwamba kuendesha gari basi tena. Baba akaitikia, "Sawa, Daktari." Kwenye korido akaniambia, "Huyu mtoto baba yake nilimfundisha mimi. Alikuwa haoni hata gia." Na tukarudi nyumbani yeye akiwa kwenye usukani. Nilimwacha. Ningefanyaje? Nikakaa mbele, nikaanza kulalamikia jua.

Sasa nikueleze la Jumatano moja, wiki tatu zilizopita, ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mama alikuwa kitandani na yale mafua. Baba akachukua ufunguo, akaenda kumletea dawa. Mimi nilikuwa pale nawapikia uji, nikasikia gari limetoka, nikakimbia mpaka getini na mwiko mkononi, nikaona vumbi tu. Nilisimama pale getini mpaka aliporudi. Alishuka anatabasamu, mkoba wa dawa anauzungusha kidoleni.

"Umeona? Nimekwenda na kurudi, halijagusa hata mara moja. Grisi ni fundi."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Hatujakaa sawasawa, tukasikia hodi. Ni yule mama wa mboga wa pale kona, anayekaa chini pembeni ya barabara na mabeseni yake. Alikuwa ameshika gunia lililokunjwa, lile analokalia.

"Mwalimu," akasema, "leo umenipita juu."

"Nimekupita wapi?"

"Pale nilipokaa."

Akalikunjua gunia mezani. Alama ya tairi ilikuwa imepita katikati yake, imechapwa safi kama muhuri. Alikuwa amenyanyuka kumfukuza mbuzi kwenye mchicha. Alipogeuka, gari lilikuwa linapita juu ya kikalio chake. Beseni la nyanya, alisema, lilipita chini ya gari zima zima, likatokea upande wa pili na nyanya zimepangwa vilevile. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema tu, "Nimekuja kukuonyesha, Mwalimu. Sikuja kwa ubaya."

Nikaelewa tulichofanya, Kaka. Zamani lile gari lilikuwa linalia. Likigusa, Baba anasikia, anasimama, anashuka kuangalia. Kukwaruza kule kulikuwa ndiyo macho yake ya chini. Sisi tukaenda tukalinyanyua, kwa nia njema kabisa, tukalinyamazisha.

Baba alivuta gunia karibu na uso. Akafuata mistari ya tairi kwa kidole, polepole, kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili. "Haya ni matairi yangu," akasema. Akamwomba radhi yule mama, akasimama kumsindikiza mpaka getini, kisha akaingia chumbani na kufunga mlango. Mama akatoka kitandani amejifunga kanga kifuani. Alikuwa amesikia yote.

Asubuhi yake Baba aliingia hapa kwangu, bila hodi, akaweka ufunguo juu ya cherehani. Moyo ukanipasuka kwa huzuni na faraja pamoja. Nikasema moyoni, yamekwisha, kaamua mwenyewe kama mwanamume.

"Mpelekee Grisi," akasema. "Mwambie alirudishe chini kama lilivyokuwa."

"Baba..."

"Likigusa, nitasikia."

Akatoka. Kaka, nililia mpaka mteja aliyekuja kuchukua gauni akaniacha na kurudi kwao.

Basi gari liko kwa Grisi, juu ya mawe, halina magurudumu. Nilimweleza yote. Alikaa chini pale kwenye oili, akashika kichwa. Tulikubaliana awe anasema springi za zamani zimepotea, anatafuta nyingine. Baba anampigia kila asubuhi baada ya chai. Juzi Grisi alinijia amenyong'onyea. "Dada, huyu ndiye aliyenisimamia mpaka nikajua kuegesha. Ananiuliza kwa heshima, nami namdanganya kwa heshima. Nimdanganye mpaka lini?" Nilimmiminia chai. Na wewe sikuombi jawabu, maana hata mimi niliye karibu silioni. Nimeona tu wewe nawe ulijue jambo hili.

Mama ananikasirikia, hasemi lakini sufuria zake zinasema. Kliniki anakwenda kwa teksi, anakaa kiti cha nyuma, amenyamaza. Jana walikuwa wanatoka barazani, akamwambia Baba wazi kabisa, bila jua wala kinyozi, "Mwalimu, kuna ngazi." Baba akajibu, "Naiona." Akabaki amesimama palepale, mkono ameunyoosha pembeni, anangoja ushikwe. Mama akaushika.

Msalimie sana Wifi, na wanangu uwabusu kwa niaba yangu. Shangazi wa kule juu anakusalimu, na mjomba, na jirani mnene anauliza utakuja lini. Grisi naye kaniambia nisisahau jina lake. Ukipiga simu nyumbani, mzungumzishe Baba mambo ya mpira na ya watoto. Usimuulize gari. Akikuuliza yeye, nakuomba Kaka, sema mtandao unakatika.

Mungu awatunze huko mliko, awaangazie njia mnayoiona na msiyoiona.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba.