Baba, Mnara wa Baharini Ulisimama

Baba,

Nilifika Juba jana, wiki sita baada ya wewe kuzikwa. Nakuandikia nikiwa kwenye karakana yako ya kuchomelea vyuma, hapa mtaani Malakia. Jirani muuza nondo alinishika mkono, akasema, "Malesh, pole, binti yangu," kisha akaanza kulia. Anakulilia bado.

Sikukuzika, Baba. Acha nikueleze mwenyewe.

Unaijua kazi yangu, ile minara ya kuzalisha umeme wa upepo baharini. Ulikuwa ukinicheka kwenye simu: "Binti wa Juba, bahari uliiona wapi?" Basi, wiki uliyolazwa nilikuwa nakagua mnara mmoja, tufani kubwa ikitazamiwa. Kwenye mguu wake wa chuma, juu kidogo ya maji, nikaona ufa mwembamba kama unywele. Mkubwa wangu akasema ni rangi imebanduka. Mimi nikakumbuka geti la kanisa ulilolichomelea, kisha ukalikata wakati watu wameshakusifu. "Limeshika nje tu," uliniambia. "Ndani hapajashika." Nikakataa kutia saini kwamba mnara ni salama. Tulipopima, ufa ulikuwa umezama ndani ya chuma.

Mama akapiga simu: "Njoo, baba yako anakuulizia."

Nikamwambia siku mbili tu. Siku mbili, Baba! Nilitaka kuona kiungo kimechomelewa sawasawa.

Tufani ikawahi. Boti ikashindwa kuwafuata mafundi wawili waliokuwa wakimalizia kazi, wakajifungia ndani ya mnara. Bandari ikafungwa, ndege zikazuiwa. Nilikaa kwenye redio nikisikiliza mawimbi yakiupiga ule mguu, na mmoja wao akisali. Mnara ulitikisika, haukuvunjika. Walitoka wazima. Nilikuwa bado nawakumbatia pale gatini simu ilipolia. Ulikuwa umeshaondoka. Ukazikwa kabla ndege hazijaruhusiwa, nami nikaona haya kuja mpaka jana.

Leo asubuhi nilimuuliza Mama kama ulinikasirikia. Akasema, "Nilimwambia kuna watu wanakutegemea huko. Akasema, basi amalize." Sijui kama ulisema hivyo kweli, au Mama ananipoza tu. Sikumuuliza tena. Nililia mpaka chai ikapoa.

Wale mafundi wananiandikia kila Jumapili. Mmoja amepata mtoto wa kike.

Nashukuru walipona, na bado natamani ningekuwa kando ya kitanda chako. Yote mawili ni kweli, nami sijui niyaweke wapi.

Pumzika, Baba yangu. Siku Mama atakaponiita, nitaondoka siku hiyo hiyo.

Binti yako.