Walii Yuko Aislandi

Ruaruke, 4 Mei 2025

Asalaam aleikum kaka Gharibu, na shikamoo.

Sisi wazima. Mama macho ni yale yale, hakutambui mpaka umsogelee. Wewe je, baridi mmeshazoeana?

Kaka, wazee wa Ngorongo wameleta posa yangu, mama kaipokea na mimi nimeridhia. Harusi tunaitaka Ijumaa ya tarehe 20 Juni, Idi Kubwa ikishapita. Baba hayupo, babu hayupo, baba mdogo hatuna, kwa hiyo walii wangu, wa kuniozesha, ni wewe. Mjomba Mtoro alikwenda kwa sheikh kuuliza kama anaweza kusimama yeye, akaambiwa mjomba haozeshi mpaka walii mwenyewe ampe uwakili. Sikuiti uje, kozi yako ya samaki iendelee. Nataka mstari mmoja tu: mimi Gharibu nimempa uwakili mjomba Mtoro amwozeshe dada yangu. Basi.

Mtandao wa huku umekufa, nimepanda boda mpaka Kibiti kutuma haya. Usinicheleweshe.

Mdogo wako,
Yasmini

Aislandi, 13 Mei 2025

Waaleikum salaam mdogo wangu, marahaba. Mimi mzima, mafua tu. Nimefurahi kusikia habari za nyumbani.

Mwambie mama huku hakuna miti. Nimetembea siku nzima sijaona hata mmoja wa kuegemea. Watoto wachanga wanalazwa nje ya duka kwenye vigari, upepo unawapiga, mama zao wako ndani wanakunywa kahawa. Nilisimama kumlinda mmoja, mama yake akatoka akaniangalia kama mwizi. Vichwa vya samaki hawali, wanavianika kwenye chanja vinapelekwa Naijeria. Mwalimu wetu ana miaka sabini na anaitwa jina lake tu, hakuna shikamoo wala mzee. Juzi wakanipeleka kwenye bwawa la maji moto. Kumbe kabla ya kuingia mnaoga uchi wa mnyama mbele ya wenzenu, na kuna mtu kazi yake ni kuangalia kama mmejisugua. Niligeuza nikarudi. Jirani yangu ana mbwa anaitwa Katur, anamvalisha koti la mvua.

Nisalimie mama sana.

Kaka yako,
Gharibu

Ruaruke, 17 Mei 2025

Kaka, salaam aleikum, shikamoo.

Mama hajambo. Nimemsomea barua yako mara tatu, nikifika kwenye bwawa anacheka mpaka anafuta machozi, kisha anataka nirudie. Mimi sicheki. Nimekuuliza jambo moja, umenijibu kumi, na hilo moja halimo. Nimekupigia mara nne, simu inaita hupokei. Barua yangu umeisoma, alama za buluu naziona. Una nini lakini? Kama huyu mtu humtaki, sema humtaki, nijue napambana na nini.

Mdogo wako,
Yasmini

Aislandi, 2 Juni 2025

Marahaba Yasmini, mpenzi wa mama. Afya yangu njema, usinikasirikie.

Mambo ya huku yananichosha akili. Jua halitaki kuzama, Isha sijui niiswali saa ngapi. Na kwenda kwa mtu bila kuandikiana kwanza ni makosa. Nilipika wali wa nazi nikampelekea jirani sahani. Siku ya pili nimeikuta mlangoni, imeoshwa vizuri, na kikaratasi cha asante. Tupu, Yasmini. Sahani tupu. Hata ndimu moja hakutia. Nimeumia mpaka leo.

Lile jambo lako lisubiri nirudi Oktoba tukae tuongee. Harusi haikimbii.

Kaka yako,
Gharibu

Ruaruke, 9 Juni 2025

Kaka Gharibu, shikamoo na Idi Mubaraka. Tumeswali salama, mama mzima.

Sahani tupu imekuuma, na mimi huu mwezi wa pili unanirudishia nini? Umenitajia mpaka jina la mbwa. Mwanamume anayetaka kunioa hujaniuliza anaitwa nani. Anaitwa Azan. Ni fundi pikipiki, ana miaka thelathini, na wageni tayari wamealikwa.

Sheikh amesema walii akiwa mbali na hajibu, shauri linakwenda kwa kadhi Kibiti, na kadhi ataniozesha yeye, kama wanavyoozeshwa wasio na mtu. Sitaki, kaka. Mimi nina mtu. Nataka isikike mbele ya watu kwamba aliyeniozesha ni kaka yangu. Nakusubiri mpaka Jumatano ya tarehe 18. Nimechoka kukubembeleza.

Yasmini

Aislandi, 23 Juni 2025

Yasmini mdogo wangu, asalaam aleikum. Natumaini nyote hamjambo.

Hii hapa picha ya karatasi: mimi Gharibu bin Mashaka nimempa uwakili mjomba Mtoro amwozeshe dada yangu Yasmini. Nimeisaini.

Nilikuwa naogopa. Wewe ukienda Ngorongo, mama na macho yale abaki na nani? Ingebidi nirudi mimi, na huku wamenitajia kazi kiwandani ya miaka miwili. Nikaona nikinyamaza harusi itajisogeza yenyewe. Nimekosa, nisamehe. Sogezeni tarehe hata wiki moja, nitapokea simu.

Kaka yako,
Gharibu

Ngorongo, 1 Julai 2025

Kaka, shikamoo.

Kibali chako kimefika. Nimeolewa tarehe 20, kama nilivyokuandikia.

Mama yuko hapa na mimi. Hilo lilikuwa sharti langu tangu siku ya posa, na Azan alilikubali palepale. Ungeuliza ungeambiwa. Nyumba ya Ruaruke tumeifunga. Kazi yako ichukue, hakuna wa kukuzuia.

Kadhi alikupigia simu mara tatu mbele ya mashahidi, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa yenyewe. Kisha akaniozesha yeye. Sisi wanawake tulikuwa ndani tunasikiliza kwenye kipaza sauti, akasema walii hakupatikana. Bi Habiba, shangazi yake Azan, alidhani umekufa. Alimshika mama mkono akampa pole ya msiba. Mama akamwambia, "Gharibu yupo, mzima, anasoma."

Bi Habiba akauliza, "Sasa mbona hakumwozesha dada yake?"

Mama akanigeukia nijibu mimi. Nilikuwa bibi harusi, kaka, nimejifunika. Nikauvuta mtandio mpaka kidevuni.

Mdogo wako,
Yasmini