Kompyuta ya Kurekodia Sauti ya Baba

Jumamosi, 14 Juni 2025

Daktari amesema tezi ya shingoni kwa Baba itolewe. Operesheni mwisho wa mwezi. Mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita hapohapo, kwa hiyo sauti inaweza kubadilika. Au isibadilike. Hawezi kuahidi. Baba aliuliza jambo moja tu: besi itabaki? Daktari akasema watajitahidi.

Baba amefundisha kwaya ya usharika wetu hapa Masama tangu kabla sijazaliwa. Nyimbo alizotunga ziko kichwani mwake na kwenye karatasi chache za nota. Hatujarekodi hata mmoja. Njia nzima ya kurudi nilikuwa najiuliza ni kwa nini. 

Shule zimefungwa, sifundishi, muda ninao. Namwomba mdogo wangu Jesse laptop yake.

Jumatatu, 16 Juni

Stoo ya kahawa sasa ni studio. Mablanketi ukutani, maiki na saundi kadi, kile kiboksi cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, za kuazima kwa kwaya ya vijana. Laptop ya Jesse ni ile ya tangu chuo, inapata moto kama pasi.

Baba alivaa hedifoni, akaimba mstari mmoja, akanyamaza. Akageuka kutazama mlangoni. Anasema kuna mtu anaimba nyuma yake.

"Ni wewe mwenyewe, Baba."

"Mimi? Mbona anachelewa?"

Akajaribu tena. Akawa anamsubiri yule wa kwenye hedifoni, na yule anamsubiri yeye. Wimbo ukazidi kuzorota mpaka ukasimama. Akavua hedifoni, akasema huyo mtu hajui kuhesabu mapigo, akaenda zake kukatia ng'ombe majani.

Nikazivaa mimi. Kweli. Nikisema "moja", naisikia "moja" kama ya mtu aliye ng'ambo ya korongo. Sauti inapitia wapi kabla ya kunirudia? Nimekaa na swali hili hadi Mama akaniita mara mbili nikale mtori wa ndizi.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeshuka Moshi mjini kwa Theodory, mwenye studio ndogo upande wa Mawenzi. Nilimsimulia habari ya mtu anayechelewa. Alicheka, kisha akanieleza vizuri sana.

Sauti ikiingia kwenye kompyuta inageuzwa namba, inachakatwa, ndipo inarudi masikioni. Kompyuta dhaifu haiwezi kubeba kidogokidogo kwa haraka, inasubiri fungu lijae. Ndiyo ule uchelewaji. Ukiilazimisha mafungu madogo, sauti inakwaruza. Kwa hiyo nitafute prosesa, yaani ubongo wake, yenye nguvu, SSD ya kuhifadhia haraka, na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya kutosha, hasa nikitaka kupanga sauti nyingi juu ya nyingine.

Kumbe! Sauti nayo inapanga foleni.

Kompyuta ya kwake ni ya mezani. Nikauliza, feni yake je? Akazima spika ili nisikie: nyuki ndani ya ukuta. Yeye ameiweka chumba cha pili, waya zimepita kwenye tundu. "Mwalimu, wewe una chumba cha pili?" Sina. Nina stoo moja, na Baba akiimba taratibu lazima chumba kiwe kimya.

Ijumaa, 20 Juni

Nimezunguka maduka mpaka miguu imevimba. Mwisho nikabaki na kompyuta mbili, duka moja. Ya mezani ya mtumba, ina nguvu kuliko nilichohitaji. Na laptop, RAM yake nusu ya ile.

Niliinama nikaweka sikio kwenye ya mezani. Dada wa dukani, Stella, akaniuliza nasikiliza nini. Nikamwambia. Akaja akaweka sikio lake upande wa pili, tukabaki hivyo, watu wawili wazima. Akasema hii inahema. Kwenye laptop hatukusikia kitu.

Nilikuja na saundi kadi na maiki mkobani. Nikasema "moja" kwenye ya mezani, nikasikia "moja" palepale. Kwenye laptop, palepale vilevile. Sasa nichague nguvu au ukimya? Nilikuwa bado nimesimama hapo umeme ulipokatika mtaa mzima. Ya mezani ikazimika na kila kitu. Laptop ikaendelea kunirekodi nikiguna.

Nikauliza RAM ya laptop inaongezwa? Stella akasema inafunguka, fundi wao anaongeza leo leo. Nimerudi na laptop imefungwa kwenye kanga.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya ibada Baba alikubali kujaribu mara moja tu. Akaimba ubeti mzima bila kugeuka. Akanyoosha kidole: tena.

Halafu yeye ndiye akaanza maswali. Anaweza kuimba teno juu ya besi yake mwenyewe? Tukifuta moja, nyingine inabaki? Zinakaa wapi humo ndani, zinachanganyika? Tukamrekodi teno juu ya besi. Alisikiliza Baba wawili wakiimba pamoja, amefumba macho. Akauliza, "Hii 'r' ndivyo ninavyoitamka siku zote?"

"Ndiyo, Baba."

"Na hamkuwahi kuniambia."

Jumatano, 25 Juni

Hospitali wamepiga simu. Nafasi imepatikana mapema, alazwe kesho.

Nyimbo nyingi bado. Nilitaka tumalize leo zote, nikamsimamisha kwenye maiki mpaka koo likamkauka. Jesse akanivuta nje, akasema namfanya mgonjwa kabla ya hospitali. Nilikasirika. Yuko sahihi.

Alhamisi, 26 Juni

Asubuhi, ukungu mzito. Mama anafunga begi.

Baba ameniomba nimwonyeshe pa kubonyeza. Taa nyekundu ikiwaka, inanasa? Nikasema ndiyo. Akanitoa nje, akafunga mlango.

Nimekaa kwenye ngazi ya stoo, naandika. Ameanza kuimba. Siyo wimbo wa kwaya. Ni Kimachame, lugha ya kwetu, na siujui—mimi niliyedhani najua nyimbo zake zote. Mama ametoka na begi, akasimama. Nimemuuliza kwa sauti ya chini ni wimbo gani. Amenifanyia ishara ninyamaze, ameweka begi chini, kwenye umande.

Baba amekatisha, amekohoa. Anaanza upya, chini zaidi.

Sijui kama alibonyeza. Nikifungua kuangalia, ataacha. Jesse anapiga honi barabarani. Mama ametikisa kichwa, asubiri. Nimesimama sasa, daftari limeegemea mlangoni, mkono mmoja uko kwenye komeo. Amefika ubeti mwingine na bado sijafungua.